Nilivyotengeneza vifuko vya sabuni kwa gundi baada ya moto kunishinda

Kazi yangu ni kuprinti fulana. Nina chumba kimoja Ngamiani, Tanga, meza ndefu ya mbao, skrini kumi na kitu zimeegemezwa ukutani, na feni inayozunguka umeme ukiwepo. Mwaka 2022 alinijia mama mmoja anayetengeneza sabuni za mafuta ya nazi nyumbani kwake. Alikuwa ananunua vifuko vitupu, anabandika stika yenye jina lake, na stika inalowa mafuta na kubanduka kabla sabuni haijafika dukani.

"Mwanangu, wewe si unachapa kwenye nguo? Basi nichapie kwenye nailoni. Vifuko mia tano, mtu aione sabuni ndani."

Nikamwambia inawezekana, mama. Jibu lilitangulia, namna ya kufanya nikaitafuta baadaye.

Najua kuna atakayeuliza kama plastiki si marufuku. Katazo lililoanza Juni 1, 2019 huku Tanzania Bara liliilenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, za kilimo na vyakula vilivyosindikwa viliachwa kwa masharti yake. Kifungashio kikigeuzwa sokoni kikawa cha kubebea nyanya, hapo kimeshakuwa mfuko, na mwaka 2021 serikali ililisemea sana jambo hilo. Kwa hiyo changu nilikikata kwa kipimo cha kipande cha sabuni tu, hakina mkono, na muuza nyanya hana la kufanya nacho.

Nilinunua jora la nailoni ngavu, ile ya kufungia maua na zawadi. Madukani wanaiita selofeni. Selofeni yenyewe ni kitu kingine kabisa: inatokana na miti, aliibuni Mswisi Jacques Brandenberger mwanzoni mwa karne ya 20, na ukiiwasha inaungua kama karatasi. Hii yangu nilipoitia kiberiti iliyeyuka, ikadondosha matone, ikanuka mshumaa. Ni polipropilini iliyovutwa kiwandani kwa urefu na kwa upana. Wenye kazi yao huiita BOPP. Kuvutwa huko ndiko kunakoipa ule ung'avu na ule mlio wa kukwaruza ukiikunja. Ndiko pia kulikoniponza.

Nilichapa karatasi themanini za mwanzo za nailoni hiyo kwa wino wa PP, yaani wa kuchapia polipropilini, nikazikausha kwenye kamba, nikazikunja, nikaenda kwa jirani anayefungasha karanga na mashine yake ya kuchomea nailoni. Mfuko wa kwanza ulijikunyata pale pale ulipobanwa, kama unywele ulioguswa na moto. Tukapunguza joto: haukushika. Tukaongeza: ukatoboka. Tukajaribu kati na kati, ukashika kwa mikunjo mikunjo, nikauvuta kidogo ukaachia. Nailoni iliyovutwa hivyo ikipata joto hutaka kurudi ilikotoka, ndiyo maana inajikunyata kabla haijaungana. Ipo BOPP inayowekewa ngozi nyembamba juu inayoyeyuka mapema, hiyo inachomeka vizuri tu. Niliyekuwa namjua anayeiuza anauza kwa mzigo wa kiwanda, na mimi nilikuwa na mteja mmoja wa vifuko mia tano. Tena mashine inataka umeme, na mwaka ule umeme wetu mnaujua.

Basi nikaingia kwenye gundi.

Gundi ya mbao, ile nyeupe, sitaieleza sana. Ilikauka ikawa ukanda wake peke yake, nikaubandua mzima mzima kama ganda la yai lililochemshwa. Ile ya kudondosha tone moja ilishika, lakini ilikakamaa. Ukikunja mfuko inakatika kwa mlio, na pembeni yake plastiki inapata ukungu mweupe. Gundi ya viatu ndiyo iliyonitia tamaa, kwa sababu ilishika kweli. Asubuhi nikakuta mambo mawili. Wino uliokuwa karibu na gundi ulikuwa umelainika na herufi moja imehamia upande wa pili wa mfuko. Na kipande cha sabuni nilichokuwa nimekitia humo kwa majaribio kilikuwa kinanuka duka la fundi viatu. Nilikiosha, nikakiacha juani, harufu haikutoka. Sabuni ya mtu ya kuogea! Hiyo gundi nikaitoa mezani.

Nikahamia tepu ya pande mbili, ya upana wa milimita 10. Haina maji, haina harufu ya kuchoma pua, na huhitaji kusubiri ikauke. Nikatengeneza vifuko ishirini. Ubavuni nilipandisha ncha moja juu ya nyingine na tepu katikati. Chini nikakunjia kitako kwa nyuma, nacho kwa tepu. Vilitoka vizuri mno. Nikavijaza mchanga wa gramu 150 kila kimoja, nikavining'iniza kwa vibanio kwenye kamba, chini ya bati, nikaenda kulala.

Asubuhi mchanga ulikuwa sakafuni. Sikukimbilia kuilaumu tepu kwa sababu ya kitu kimoja nilichokiona nilipoviokota: vitako vyote ishirini vilikuwa vimeshika. Vyote. Vilivyofunguka ni mbavu, tena zilifunguka kwa namna moja: tepu imebaki imeng'ang'ania ncha ya chini, imeachia ncha ya juu, safi, bila kuacha hata alama. Tepu ni ile ile, mkono ni ule ule, siku ile ile. Kwa nini kitako kishike na ubavu ukatae?

Nilimpigia muuzaji wa jora. Akaniuliza, "Ulibandika upande uliopigwa korona?" Nikacheka, maana mwaka ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Yeye hakucheka. Akanieleza kuwa polipropilini kwa asili yake haishikwi na kitu. Wino unateleza, gundi inateleza. Kiwandani huipitisha kwenye cheche za umeme wa volti kubwa, hiyo ndiyo korona, au kutibiwa, ngozi yake ya juu ikabadilika, ndipo inapokubali wino. Kuna kipimo cha jinsi ngozi hiyo inavyokubali wino, huitwa dyne: isiyotibiwa huwa kama 30, na kwa kuchapa inatakiwa 38 kwenda juu. Kiwandani wanapima kwa kalamu maalumu. Na nailoni ya bei yangu, akasema, hutibiwa upande mmoja tu.

Nilichukua makapeni ya kawaida nikachora mstari pande zote mbili za kipande. Upande mmoja mstari ulikaa ulivyochorwa. Upande wa pili ulijikusanya ukawa vitone vitone, kama maji kwenye jani la mgomba. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Mimi nilichapa upande uliotibiwa, kwa hiyo ukawa nje ya mfuko. Kitako ukikikunjia nyuma, nje inakutana na nje: pande zote mbili zimetibiwa. Ubavuni ukipandisha ncha juu ya ncha, nje ya moja inakutana na ndani ya nyingine. Huko ndani tepu haikuwa na pa kushika.

Nilifikiria kuchapa kinyume, maandishi yawe ndani. Lakini wino ungegusa sabuni, na sabuni ya magadi si kitu cha kuamini karibu na wino. Nikakaa nalo siku mbili.

Aliyelitatua ni jirani yangu fundi cherehani, na hakujua kama analitatua. Nilikuwa barazani kwake namlalamikia, yeye anamalizia pindo la suruali. Nikamwona anaukunja ukingo wa kitambaa kwa ndani, na ule upande wa nje unageuka unatazama chini.

"Kaka, hebu rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo unapokunja."

Nikakimbia kurudi chumbani. Ncha ya juu ya ubavu nikaikunja kwa ndani sentimita moja na nusu, kama pindo, nikaikwaruza kwa ukucha mpaka ikalala. Sasa kinachotazama ncha ya chini ni ule upande wa nje, uliotibiwa. Tepu ikawekwa hapo. Nje kwa nje.

Pindo lina ubaya wake, nisikufiche. Gundi inavumilia sana ukiivuta kwa ubapa, lakini ukiichuna kutoka ukingoni inakubali upesi, na pindo huifanya ichunwe. Kwa sabuni ya gramu 100 haina shida. Kwa kilo ya sukari nisingethubutu.

Mengine niliyoyapata humo humo njiani: tepu isipite juu ya wino hata kidogo, kwa sababu hapo unakuwa umebandika wino, hukubandika nailoni, na wino ukiachia mfuko umeachia. Nikarudi kwenye skrini nikaziba ukanda wa sentimita mbili kila ukingo ubaki mtupu. Vidole vya Tanga vina jasho, kwa hiyo ukanda huo nilikuwa naufuta kwa spiriti kabla ya tepu. Na tepu hii inataka kukandamizwa. Kuigusisha kwa kidole haitoshi. Inabidi iingie kwenye ngozi ya plastiki, na inaendelea kuingia kwa saa kadhaa. Nilianza na kijiko, mkono ukauma, nikaazima kisukumio cha chapati cha nyumbani. Kilirudishwa wiki tatu baadaye, baada ya maneno.

Jaribio la joto nililifanya kwa rafiki yangu wa daladala. Aliniwekea vifuko sita mbele ya kioo siku nzima, gari likiwa gereji juani. Vinne vilibaki sawa. Viwili ubavu ulikuwa umetembea, haukufunguka ila ulisogea kama milimita mbili na gundi imechungulia pembeni ikanasa vumbi. Vyote viwili vilikuwa vya kundi la kwanza, kabla ya kisukumio. Nikamweleza mama wa sabuni waziwazi: visikae juani.

Kwa kasi, siku ya kwanza nilitoa vifuko 25 kwa saa. Nikakata kipande cha bati kwa kipimo cha mfuko, nikawa naikunjia nailoni juu yake, ubavu, kitako, nachomoa bati. Nikafika 60. Mdogo wangu aliyekuja likizo alinizidi, akafika 70, kwa sababu yeye hakuwa anakagua kila kimoja kwenye mwanga. Nikamwambia akague, akashuka mpaka 55.

Nilichapa karatasi 620 kupata vifuko 500 vizuri. Zilizoharibika nyingi ni zile themanini za mwanzo. Mdomo wa mfuko niliuwekea tepu ile ile na kuiacha na karatasi yake, mama akitia sabuni anaivuta karatasi na kufunga mwenyewe. Bila mashine, bila umeme.

Alipokuja kuchukua alifanya mambo ambayo mimi nisingefikiria. Kwanza aliutia mfuko puani akanusa kwa muda mrefu. Kisha akatia sabuni, akafunga, akautupa sakafuni, akaukanyaga kwa kandambili. Sabuni ilibonyea, ubavu ukabaki.

"Huu unafunguliwaje sasa?" akauliza.

Nikamwonyesha kuchuna kutoka kwenye mdomo. Akachuna, akafunga tena, ukashika tena kwa mara ya pili ingawa si kama mwanzo. Akasema mteja wake ataupenda huo, maana wengi hukata sabuni nusu wakaitunza nusu. Hilo sikulipanga.

Siku hizi nanunua jora lililotibiwa pande zote mbili. Ni ghali kidogo, nalipima kwa makapeni pale pale dukani, na nalitumia mapema kwa sababu ile tiba hufifia nailoni ikikaa muda mrefu stoo. Pindo silikunji tena. Fundi cherehani hajaambiwa, kwa sababu kila nikitoa oda huja kuchukua vifuko vitano vya bure, anavitilia vifungo, anasema ni haki ya pindo lake.