Anayebadilisha pedi ya miwani yake amevua miwani

Hapa Arua, Uganda, fremu ya miwani huanza kufia puani. Pedi moja, kile kipande kidogo kinachokalia pua, inadondoka sokoni au juu ya boda, mwenyewe anaendelea kuivaa hivyo hivyo huku kile kichuma kilichobaki kikimchimba ngozi. Baadaye anafunga uzi, au anabandika plasta, au anamwaga supaglu. Ikifika mezani kwangu, vioo havina mikwaruzo, bawaba zinafunga vizuri, rangi bado inang'aa. Kilichoiangusha ni kidude kisichofika nusu ya ukucha wangu wa kidole gumba.

Mimi ni fundi miwani. Kupima macho si kazi yangu, wapo waliosomea. Mimi nakata vioo, nalehemu, nanyoosha, na siku hizi nachora na kukata fremu zangu mwenyewe. Baba alikuwa askari, na lugha ya jeshini kwetu ni Kiswahili, ndiyo sababu nakiandika, na kwa hicho hicho naelewana na kila anayekaa kwenye kiti changu: Mlugbara wa Vurra, mfanyabiashara wa Ariwara upande wa Kongo, mama wa Sudan Kusini aliyekuja mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Wote wananiletea ugonjwa mmoja.

Fremu ya chuma ina mikono miwili myembamba iliyolehemiwa karibu na vioo. Mwisho wa kila mkono kuna kisanduku kidogo, na pedi ina mguu unaoingia humo. Hadithi ingekuwa imekwisha hapo, lakini kila kiwanda kina mguu wake. Kuna wa kufungwa kwa skrubu yenye unene wa kama milimita moja. Kuna wa kubonyeza. Kuna wa kutelezesha, na kuna wenye umbo la U ambao nikiuona napumua kwanza. Mteja akija na fremu ya kubonyeza wakati mimi nimebaki na pedi za skrubu, sina la kumsaidia mpaka kifurushi kipakiwe basi kule Kampala. Mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye barabara ya Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo na mabasi kuzunguka njia nyingine, watu wazima walikaa bila miwani wakisubiri kitu cha bei ya rolex moja, ile chapati ya kuviringishwa na mayai.

Halafu kuna jasho. Mikono ile mara nyingi ni aloi yenye shaba na nikeli. Chumvi ya jasho inaila, na ile tope ya kijani unayoikuta nyuma ya pedi, ambayo watu wanadhani ni uchafu wa vumbi, ni kutu ya shaba. Skrubu inagandia humo. Ukiilazimisha inakatika kichwa, na mkono wenyewe unaweza kung'oka kwenye lehemu. Wapo pia wanaowashwa na nikeli. Ulaya wameweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachokaa kwenye ngozi muda mrefu, mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwenye meza za miwani sokoni kwetu hakuna anayeuliza habari hizo. Anayewashwa anajua tu kwamba miwani "imemkataa".

Nasema haya yote ili ieleweke kwa nini nilipoanza kuchora fremu yangu nilianzia puani na kwenda nje. Wengi huanza na umbo la kioo, duara au mraba au jicho la paka, kisha pua inatafutiwa nafasi mwishoni. Angalia ndani ya mkono wa miwani yako. Kama imeandikwa 52□18 140, kioo kina upana wa milimita 52, kati ya kioo na kioo ni 18, na mkono una urefu wa 140. Hiyo 18 haijui lolote kuhusu pua yako. Haisemi kama imesimama au imelala, wala inaanza kupanuka wapi.

Pua yangu imelala. Za wengi wanaokaa mbele yangu pia, zinaanza chini na kupanuka mapema, wakati fremu nyingi za dukani zinangojea daraja la pua lililoinuka na jembamba. Matokeo yake nayajua bila kupima: pedi zinagusa kwa ukingo mmoja tu, kope zinafagia kioo, sehemu ya chini ya fremu inalala shavuni, na mtu akicheka miwani yote inapanda. Ukingo ule mmoja ndio unaoacha alama. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo haiishii kuwa mkunjo mwekundu wa jioni. Inageuka doa jeusi linalokaa miezi. Kuna watu wameifanyia kazi pua hii kwa uzito. Ackeem Ngwenya, mzaliwa wa Malawi, ni mmoja wa waanzilishi wa Reframd kule Berlin, wanaotengeneza fremu kwa kufuata nyuso za watu weusi. Nawaheshimu sana. Lakini mteja wangu wa Ariwara hataagiza fremu Berlin, na hata akiagiza, pedi ikichakaa tutarudi pale pale.

Kwa hiyo swali langu likawa dogo: pedi itoke na kuingia vipi bila bisibisi, bila koleo, bila mimi?

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni kufanya pedi iwe rahisi kuona, yaani kubwa, yenye rangi, yenye mshale. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa muda mrefu ambaye miwani yake ni ya kusomea, ndiye aliyenizima hapo. Nilimpa fremu na pedi nikamwomba ajaribu. Akavua miwani yake, akavileta vitu karibu na uso, akavisogeza mbali, akacheka.

"Mwanangu, unanipa kazi ya macho baada ya kuninyang'anya macho?"

Nikamwambia, "Mama, pole, hebu jaribu tu."

"Najaribu na nini? Miwani yangu ndiyo hiyo mkononi."

Anayebadilisha pedi ya miwani yake amevua miwani. Sentensi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza, na tangu siku ile kila kitu nakijaribu nikiwa nimefumba macho. Kama vidole haviwezi kukipata, hakifai, hata kiwe kizuri namna gani kwenye karatasi.

Fremu yangu ni ya asetati, aina ya plastiki, bamba la milimita 6, nakata kwa msumeno mwembamba wa waya na kumalizia kwa tupa na msasa. Penye pua naongeza vipande viwili vya asetati hiyo hiyo, nikiviunganisha kwa asetoni, ambayo inayeyusha nyuso mbili zikawa moja. Ndani ya kila kipande nachonga kifereji chembamba mdomoni na kipana ndani. Mguu wa pedi una umbo la T na unateleza humo kama droo ya meza. Kifereji ni kirefu vya kutosha kwa ncha ya ukucha kukipata gizani.

Kilichonichukua muda ni upande wa kuingilia. Wengi niliowaonyesha walipendekeza pedi iingie kutoka juu, kwa sababu mkono unataka kusukuma kwenda chini. Fikiri lakini miwani ikiwa usoni. Fremu inashuka kwa uzito wake na pua inakataa, kwa hiyo pua inaisukuma pedi kwenda juu ukilinganisha na fremu. Kifereji kikiwa wazi juu, pua inafanya kazi ya kuitoa pedi mchana kutwa. Kikiwa wazi chini na kimezibwa juu, pua hiyo hiyo ndiyo inayoikaza. Nikachagua chini. Napenda sana kwamba kinachoshikilia pedi ni uzito ambao hapo awali ulikuwa adui.

Ila sisi sote tuna tabia ya kupandisha miwani kwa kidole, hasa wanafunzi na wapishi. Ukiipandisha, ngozi inaivuta pedi kwenda chini, kuelekea mlangoni. Hapo ndipo kinundu kidogo karibu na mdomo wa kifereji kinapofanya kazi: pedi inakivuka kwa "tik" unayoisikia na kuihisi, na kuitoa unahitaji ukucha kuikandamiza kidogo huku ukiivuta. Kinundu kikiwa kirefu mno, bibi mwenye vidole vilivyokakamaa hawezi. Kikiwa kifupi mno, pedi inaangukia kwenye sufuria ya posho, yaani ugali. Nilipima kwa vidole vya watu, sikupima kwa hesabu.

Pedi za kiwandani nyingi zina umbo la tone la maji, kwa hiyo kuna ya kulia na ya kushoto. Umbo hilo linalala vizuri zaidi puani, sibishi. Lakini mtu asiyeona karibu atazibadilisha pande, kisha ataamini ni mbovu. Zangu ni yai lenye ncha mbili sawa, halina kulia wala kushoto, halina juu wala chini. Nimepoteza kidogo kwenye mlalo nikapata sana kwenye amani. Nikaongeza unene wa aina tatu, na nyuma ya pedi, upande usiogusa ngozi, kuna nukta za kupapasa: moja ni nyembamba, mbili ya kati, tatu nene. Pua iliyolala inataka nene, iliyosimama inataka nyembamba. Na wapo wenye pua iliyopinda, labda kwa mpira au pikipiki, wanaovaa nukta mbili upande mmoja na tatu upande mwingine. Kwa fremu ya asetati ya kawaida, yenye pua iliyochongwa moja kwa moja, mtu huyo angeambiwa avumilie.

Pedi yenyewe ni silikoni juu ya kiini kigumu cha nailoni, kwa sababu mguu laini hauwezi kutoa "tik". Silikoni haishikani na karibu kitu chochote, kwa hiyo kiini kina matundu. Inapita, inakutana upande wa pili, inajifunga yenyewe. Natumia ile inayogandishwa kwa kichocheo cha platini. Tahadhari kwa mwenzangu atakayejaribu: ukiimimina kwenye kalibu iliyochapwa kwa printa ya 3D ya rezini, sehemu inayogusa rezini hubaki inanata hata ungesubiri mpaka Krismasi. Kalibu yangu ni ya alumini, imechongwa Katwe, Kampala, na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni vipuri vya mashine za kusaga. Aliuliza mara moja tu ni ya nini, nikamwambia pua, akaendelea.

Jambo moja siwaachii wateja wafanye peke yao. Mwenye miwani ya vioo viwili, kuona mbali juu na kusoma chini, akibadilisha unene wa pedi ule mstari unaozitenganisha unapanda au kushuka, na ngazi za nyumba zinaanza kumchezea. Na mwenye namba kubwa, yaani kioo chenye nguvu nyingi, anahisi hata umbali wa kioo na jicho. Kioo cha -8.00 kikisogea mbele milimita 4 tu, jichoni kinafanya kazi ya takriban -7.75. Hao nawaambia: pedi mpya iwe ya nukta zile zile ulizotoka nazo, ukitaka kubadilisha njoo kwanza.

Mwenzangu wa biashara, anayeniuzia vioo, hapendi mpango huu. Anasema fundi hula kwa skrubu zinazolegea, na kwamba nimejikata mkono. Labda. Lakini yeye hajawahi kukaa na mtu aliyetoka Koboko kwa ajili ya pedi, akalipa nauli ya kwenda na kurudi inayozidi bei ya fremu, halafu akasikia pedi ya aina yake imekwisha. Mimi sasa nauza kifuko chenye jozi za akiba, na wanunuzi wangu wakubwa ni watoto wanaowapelekea wazazi kijijini.

Kinachonisumbua ni asetati. Miaka ikipita inapoteza kilainisho chake na kusinyaa kidogo, na kifereji kinabana. Nimeacha nafasi zaidi kuliko nilivyopenda, kwa hiyo fremu mpya ina pedi zinazotikisika kiasi cha kusikika ukiitingisha karibu na sikio. Wateja wachache wamelalamika. Nawaambia zikivaliwa hazitikisiki, na ni kweli, kwa sababu pua imezikaza.

Kazi iliyo mezani sasa ni ya fremu za chuma, kwa sababu nyingi zilizoko mitaani ni hizo. Nachora kisanduku cha kati, kinachofungwa mara moja na fundi kwenye mkono wa zamani, halafu pedi zangu ziteleze ndani yake. Kinaongeza unene wa milimita mbili hivi, na kwa pua iliyolala hiyo ni faida ya bure. Kwa pua iliyosimama fremu inapanda mpaka kwenye nyusi. Hao kwa sasa nawafungia pedi za kawaida, na juu ya skrubu natia tone la rangi ya kucha isilegee.