Kumbukumbu ya gitaa: kutoka Taro Patch hadi Wahine

Machi

Nikiwaambia watu wa nyumbani Kakamega kwamba najifunza gitaa la Hawaii, wote wanafikiria lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Hilo ni la akina Joseph Kekuku, Mhawaii anayetajwa kuwa alibuni upigaji huo, na lina historia yake. Langu ni gitaa la kawaida, linashikwa kikawaida, ila nyuzi zimelegezwa hadi ukizipiga wazi bila kubana popote unapata kodi kamili, yaani noti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja. Wenyewe wanaita kī hōʻalu, yaani nyuzi zilizolegezwa. Kazi ndiyo iliyonileta huku Hawaii, kwenye mji wa Hilo, na niliona ni aibu kukaa kwenye kisiwa hiki halafu nijifunzie kwenye simu.

Mradi wenyewe ni huu: nipige nyimbo chache kwa mtindo huu bila kuangalia karatasi, na niandike ninachofundishwa kabla sijakisahau.

Nimeanza na Taro Patch, utyuni (mpangilio wa sauti za nyuzi) ambao karibu kila mtu huanzia. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, unashuka kutoka noti ya E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa sita kutoka E hadi D. Uzi wa pili, wa tatu na wa nne haziguswi. Pitisha kidole juu ya zote na kodi ya G meja hiyo hapo.

Kidole gumba kinashika besi: uzi wa tano, wa nne, wa sita, wa nne, na kurudi. Vidole vingine vinaimba juu yake. Hapo sikusumbuka sana, kwa kuwa nimekulia kwenye omutibo, muziki wa gitaa wa magharibi mwa Kenya wa George Mukabi na wenzake, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Gumba langu lilishajua kutembea peke yake. Tatizo ni mwendo. Omutibo inakusukuma uinuke ucheze. Huku wanataka nahenahe, upole fulani wa sauti, na mzee anayenifundisha hukaa kimya mpaka nipunguze kasi mwenyewe. Namwita Anko, kama vijana wote wa mtaani wanavyomwita.

Aprili

Mvua ya Hilo haina adabu. Gitaa likilala nje ya kasha usiku mmoja, asubuhi nyuzi zote zimehama. Nimenunua vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Nimekwenda Waimea, mji wa ranchi kwenye kisiwa hikihiki, kwenye nyasi na ng'ombe, na hapo ndipo asili ya jambo hili inapoeleweka. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha ng'ombe. Wakapigwa marufuku kuuawa, wakazaana, wakageuka kuwa wanyama pori wanaovamia mashamba ya watu. Katika miaka ya 1830 wakaletwa wachungaji wa Kimeksiko kufundisha wenyeji kukamata ng'ombe kwa farasi na kamba, nao walikuja na magitaa. Wahawaii wakalichukua gitaa wakalegeza nyuzi zake kwa namna zao, wakaliingiza kwenye nyimbo walizokuwa nazo tayari. Paniolo, yaani wachunga ng'ombe wa huku, ndio waliolibeba kutoka ranchi hadi ranchi.

Juni

Mwezi huu una mengi.

Anko ana tabia moja. Akimaliza kupiga, kabla hajaliweka gitaa chini, anavuruga nyuzi mbili tatu. Nilimuuliza. Akasema babu yake alifanya hivyo ili jirani akiliokota asijue limetyuniwaje. Utyuni ulikuwa mali ya familia, kama vile ardhi. Mtoto alijifunza kwa kukaa karibu na kutazama. Kuuliza maswali ilikuwa utovu wa adabu. Yeye hana wa kumficha siku hizi, mkono tu umezoea.

Mimi naielewa siri hiyo. Wahawaii, watu waliopinduliwa malkia wao mwaka 1893, kisha lugha yao ikafukuzwa shuleni mwaka 1896, wana haki ya kuficha walichobakiwa nacho. Lakini siri hiyohiyo karibu iizike sanaa, kwa sababu mzee akifa bila mjukuu wa kukaa karibu, utyuni wake unaondoka naye. Mpiga gitaa Gabby Pahinui aliporekodi wimbo wa Hiʻilawe miaka ya 1940, watu wengi ndipo walipousikia mtindo huu kwenye sahani ya santuri kwa mara ya kwanza. Mwaka 1973 mpiga gitaa Keola Beamer akatoa kitabu cha kufundishia. Miaka ya 1990 lebo ya muziki ya Dancing Cat, ya mpiga piano George Winston, ikawarekodi wapiga gitaa kina Ray Kāne, Sonny Chillingworth na Leonard Kwan, na kwenye maelezo ya albamu wakaandika kila wimbo umetyuniwaje. Kilichofichwa kwa vizazi kikachapishwa kwa herufi ndogo ndani ya jalada la CD.

Sasa kuna ugonjwa mwingine, na huu ndio unaonikera. Zile karatasi za mistari sita yenye namba za freti (vile vichuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) zimejaa kila mahali, na vijana wanazipiga neno kwa neno. Unasikia watu watatu kwenye jukwaa moja, na wote wanapiga rekodi ya jioni moja ya mtu aliyefariki zamani. Nilipiga wimbo mmoja kwa karatasi mbele ya Anko, bila kukosa noti. Akasema, "Huo ni wa kwake. Wako uko wapi?" Kisha akaupiga yeye, na alipourudia mara ya pili haukuwa uleule: kipande cha kuunganisha beti kilibadilika, besi ikapanda mahali ambapo mwanzo ilishuka. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, alikuwa hivyohivyo. Alirekodi wimbo wake Masanga zaidi ya mara moja na rekodi hazilingani. Sijui kwa nini nilidhani huku ingekuwa tofauti.

Karatasi nimeziweka kabatini. Nasikiliza, naimba kipande kwa mdomo, halafu nakitafuta kwenye shingo ya gitaa.

Agosti

Sasa ni utyuni wa Wahine. Kutoka Taro Patch unashusha uzi wa tatu tu, nusu toni chini ya G. Ukiupiga wazi kuna kitu kinaning'inia, kodi inakataa kutulia. Gonga freti ya kwanza kwa kidole wakati uzi bado unalia, G inarudi na kila kitu kinakaa. Utamu wote wa Wahine uko kwenye hilo pigo moja la kidole, na ukichelewa kidogo tu ni mtamu zaidi. Nimekaa nao wiki nzima, jirani wa ukutani atakuwa ameuchoka.

Nimetunga kipande changu cha kuunganisha beti. Ni kifupi na kuna mahali kinanukia Kakamega waziwazi. Anko alikisikiliza, akaniomba nikirudie polepole, halafu akakipiga yeye, akiwa amekibadilisha mwisho. Toleo lake ni zuri kuliko langu na nimelichukua.

Kinachofuata ni utyuni wa C, ambapo uzi wa sita unashuka hadi C. Nyuzi zangu nyembamba haziwezi: ule wa sita unalegea kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga freti. Nimeagiza seti nene zaidi. Zikifika nitaandika kama shingo ya gitaa imezivumilia.