Nilivyomtembeza mama Dresden bila kumchosha magoti

Mama alipokuja kunitembelea Leipzig kutoka Unguja, alikuwa na ombi moja tu: aone mji wa kale wa Kijerumani wenye majengo ya fahari. Sababu naijua. Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa, amekarabati nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na mama alimpelekea chakula kazini miaka nenda miaka rudi, mpaka akajua kutofautisha plasta ya chokaa na ya saruji kwa kuipapasa. Nikamchagulia Dresden, mji mkuu wa jimbo la Saksonia, ambao sifa yake kubwa ni majengo ya mtindo wa baroki, ule wa zamani wenye mapambo mengi.

Kikwazo kilikuwa magoti yake. Kutembea anatembea, lakini si mbali, na ngazi ndefu haziwezi. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwa hiyo niliipanga siku ile kama ninavyopanga zamu: kwanza viti, kisha vyoo, ndipo majumba. Naeleza tulivyofanya kwa sababu najua wengi tunaoishi huku tunatamani kuwaonyesha wazazi wetu nchi hii, na tunaishia kuwaweka sebuleni kwa kuogopa kuwachosha.

Tulikwenda Jumamosi, kwa Sachsen-Ticket. Hiyo ni tiketi ya siku nzima ambayo watu hadi watano wanaweza kusafiri nayo pamoja, ila kwa treni za kawaida za mkoa tu, si zile za mwendo kasi. Wikiendi unaitumia tangu alfajiri. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Treni inachukua kama saa moja na nusu hivi. Ukitokea Leipzig, keti upande wa kushoto, maana treni ikishaondoka stesheni ya Dresden-Neustadt inavuka mto Elbe, na mji mzima wa kale unajipanga mbele yako, kuba na minara.

Mama lakini macho yake yalikwenda kwingine. “Mwanangu, kumbe wana msikiti mkubwa hivi?”

Kweli, kando ya reli pana jengo lenye kuba la vioo vya rangi na mnara mrefu kama wa muadhini. Linaitwa Yenidze. Nikamwambia si msikiti, ni kiwanda cha sigara kilichojengwa kati ya 1907 na 1909. Tumbaku ilitoka dola ya Uthmaniya, na mwenye kiwanda alitaka jengo lake liitangaze. Huo mnara ndani yake ni bomba la moshi. Leo ni ofisi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Wameijenga kwa adabu, lakini.” Nami naona hivyo.

Ukishuka stesheni kuu usitarajie baroki papo hapo. Unaingia Prager Straße, barabara ya waenda kwa miguu iliyojengwa upya na serikali ya Ujerumani Mashariki baada ya vita: majumba marefu ya ghorofa, yamenyooka, madirisha safu kwa safu. Mtu wa Unguja hahitaji maelezo hapo. Wajerumani Mashariki ndio waliotusaidia kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani baada ya Mapinduzi ya 1964, na Michenzani ni ndugu yao. Mama alikaa kwenye benchi akayatazama majumba hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Aliwakumbuka watu waliohamia Kikwajuni yeye akiwa mtoto. Wageni wengi wanaipita barabara ile mbio kuelekea mji wa kale. Mimi sijuti hata dakika moja tuliyokaa pale.

Kutoka hapo tulipanda tramu hadi Postplatz, tukavuka tukaingia Zwinger, ua mkubwa uliozungukwa na majumba ya fahari. Ua ule hauna kiingilio, na ni tambarare. Aliyeuagiza ni August, mtawala wa Saksonia ambaye watu walimwita Mwenye Nguvu, na ambaye tangu 1697 alikuwa pia mfalme wa Polandi. Mchoraji wa majengo alikuwa Matthäus Daniel Pöppelmann, na sanamu ziliongozwa na Balthasar Permoser. Kazi ilianza karibu na 1710, kwanza kama mahali pa kuhifadhia michungwa wakati wa baridi, kisha ikakua mpaka ikawa uwanja wa sherehe. Mwaka 1719 ulifunguliwa rasmi kwa arusi ya mwana wa mfalme. Lango lake kuu limevikwa taji la Polandi.

Usikimbilie kupiga picha. Tafuta pa kukaa, kisha mwambie mgeni wako atazame ukuta mmoja tu, tangu chini hadi juu. Hapo ndipo mtindo wa baroki unapoanza kueleweka: jiwe halitulii. Kila nguzo imegeuka mtu anayebeba, kila pembe ina maua, vitambaa, nyuso zinazocheka na zinazonuna, na juu kabisa yupo Herkules, shujaa wa hadithi za Kigiriki, amejitwika dunia mabegani. Kila robo saa kengele hulia kutoka banda moja, nazo ni za kauri ya mji wa Meissen. Mama alipozisikia aliuliza kama kauri haipasuki ikigongwa. Haipasuki.

Lakini swali lake lililotufungulia siku lilikuwa jingine. “Mbona mawe mengine meusi na mengine meupe? Moto huo?”

Wengi hudhani ni moto wa vita. Sehemu kubwa si moto. Majengo haya ni ya jiwe la mchanga lililochongwa kwenye milima ya juu ya mto Elbe na kuletwa kwa mashua. Likiwa jipya lina rangi ya manjano hafifu; linakaa nje, madini ya chuma yaliyomo ndani yake na hewa vinafanya kazi, na taratibu linakuwa jeusi. Kwa hiyo weusi ni umri. Jiwe jeusi ni la zamani, jiwe jeupe limewekwa juzi. Mama alipolielewa hilo hakunihitaji tena kama mwongozaji. Kila jengo tulilofika alilisoma mwenyewe: hapa pamevunjika, hapa pamezibwa, huyu malaika bawa lake ni jipya.

Na kulikuwa na mengi ya kusoma, kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1945 ndege za Uingereza, na mchana wake za Marekani, ziliuteketeza mji huu. Tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake 2010 ilikadiria waliokufa kufikia 25,000. Zwinger uliungua, jumba la opera liliungua, kasri la mfalme liliungua.

Kutoka Zwinger hadi kanisa la Frauenkirche si mbali, lakini mawe ya barabarani ni ya mviringo na yanasumbua magoti, hivyo tulikwenda kwa vituo. Kituo cha kwanza, Theaterplatz, mbele ya kanisa Katoliki la mfalme. Kituo cha pili, ukuta wa Fürstenzug: picha ya watawala wa Saksonia wakiwa juu ya farasi, urefu wake mita 102, imetengenezwa kwa vigae vya kauri ya Meissen vipatavyo 23,000. Vigae vilibandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, na moto wa 1945 uliviacha karibu vyote salama. Upande ule barabara ina kivuli. Tulikwenda polepole, mama akitafuta kiungo kati ya kigae na kigae, asikione mpaka asogee karibu kabisa.

Frauenkirche tuliifikia kabla ya saa sita mchana, na hilo nililipanga makusudi. Saa sita huwa na sala fupi yenye kinanda, kuingia ni bure, na mnakaa. Kwa mzee hiyo ni nafasi bora kuliko kuzunguka umesimama katikati ya umati. Mama ni Mwislamu na alikaa kwa heshima zote, mikono mapajani, akitazama juu. Ndani si kiza kama makanisa mengi ya huku. Kuta zina rangi ya waridi, samawati na manjano laini, na kuba linakuvuta macho mpaka shingo iume.

Aliyelijenga, George Bähr, alikuwa seremala kwa ufundi. Alianza 1726, akataka kuba zima liwe la mawe, na wapo waliosema halitasimama. Lilisimama zaidi ya miaka 200. Yeye mwenyewe alifariki 1738, jengo halijakwisha, lilimalizika 1743. Mabomu ya 1945 hayakuliangusha moja kwa moja. Moto wa ndani ndio ulioyapasha mawe ya nguzo mpaka yakachoka, na tarehe 15 Februari, asubuhi, kuba likaporomoka.

Kifusi kiliachwa pale zaidi ya miaka 40. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, raia wa Dresden walitoa mwito 1990, na 1994 ujenzi ukaanza. Hapa ndipo mama alinishika mkono nieleze taratibu. Kifusi hakikuzolewa kwa koleo. Kila jiwe lilitolewa, likapimwa, likapigwa picha, likapewa namba, na mafundi wakatafuta lilikaa wapi kabla ya kuanguka. Mawe yapatayo 3,800 yalirudishwa ukutani, na ndiyo yale meusi unayoyaona yametawanyika kwenye ukuta mweupe. Gharama ilifika kama yuro milioni 180, na zaidi ya nusu ilitokana na michango ya watu wa nchi mbalimbali. Msalaba wa juu ulitolewa na Waingereza, na sonara aliyeufua alikuwa mwana wa rubani aliyeshiriki kuushambulia mji huu. Kanisa lilifunguliwa tena tarehe 30 Oktoba 2005. Msalaba wa zamani, umepindika, umewekwa ndani. Mtu yeyote anaweza kusimama mbele yake.

Tulipotoka nje mama aliweka kiganja chake juu ya jiwe jeusi. “Haya, mawe ya Beit el Ajaib yako wapi?” aliuliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Jumba lile la Mji Mkongwe lilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na baba alikuwa akiliwazia mpaka alipofariki. Natamani kila anayegusa jengo la zamani kwetu apite Dresden, aone kwamba kifusi ni ghala la vipuri vya jengo lenyewe.

Kuba mtu anaweza kulipanda kwa kulipia. Kuna lifti sehemu ya njia, lakini baada yake zinafuata ngazi, hivyo tuliacha.

Makumbusho nilichagua moja tu, Grünes Gewölbe mpya ndani ya kasri la mfalme, ambako lifti zipo. Kumbuka kasri linafungwa Jumanne, na makumbusho za Zwinger zinafungwa Jumatatu. Ndani ya Grünes Gewölbe mna vito ambavyo siwezi kuvimaliza hapa. Nitaje kimoja kilichonisimamisha: sanamu ya kijana mweusi, imechongwa na Permoser kama mwaka 1724, amevishwa mapambo ya Wahindi wa Amerika, na mikononi amebeba sinia lenye mwamba wa zumaridi kutoka Kolombia. Ufundi wake ni wa hali ya juu mno. Na bado ni mtu asiye na jina, anatabasamu huku akiwabebea wafalme mali ya watu wengine. Sikupita haraka, na simshauri Mwafrika yeyote apite haraka.

Alasiri tulipanda tramu tukavuka daraja la Augustus kuingia Neustadt. Kwenye majani ya ukingo wa mto mama alitandika msala wake akakusanya adhuhuri na laasiri, na hakuna aliyetusumbua. Ng’ambo ya maji mji mzima ulikuwa mbele yetu. Ni upande huo huo Bernardo Bellotto aliosimama 1748 alipouchora, na mafundi wa baadaye wameitumia michoro yake kama ushahidi wa jinsi mji ulivyokuwa.

Mbele kidogo yupo August juu ya farasi, amepakwa dhahabu, kisha inafuata Hauptstraße yenye miti na mabenchi mengi mpaka Albertplatz. Hapo karibu pana kiwanja kinachoitwa Jorge-Gomondai-Platz. Gomondai alikuwa kijana wa Msumbiji, mmoja wa wafanyakazi walioletwa na Ujerumani Mashariki. Pasaka ya 1991 alishambuliwa na vijana wabaguzi ndani ya tramu, akaanguka nje, akafariki siku chache baadaye. Nilimsomea mama jina lake na mwaka. Watu wanaokuja kutazama baroki huwa hawafiki pale. Mtu wetu akija Dresden, afike.

Chakula halali si taabu Neustadt. Mitaa ya nyuma ya Albertplatz ina maduka ya Waturuki na Waarabu. Mkishakula, nendeni stesheni ya Neustadt moja kwa moja, kwani treni ya Leipzig inasimama hapo pia na hamna haja ya kurudi ng’ambo. Sisi tulifika nyumbani magoti ya mama yakiwa mazima, na kabla ya kulala alikuwa ameshauliza kuhusu Pillnitz, kasri la kando ya mto ambalo Pöppelmann alilijenga kwa mapaa ya Kichina. Huko kunafikika kwa meli za mvuke zinazotia nanga chini ya mji wa kale, safari nzima mmekaa kitako. Hiyo tumeiweka kwa ajili ya safari yake ijayo.