Jinsi Nilivyotayarisha PDF ya Imsakiya Yenye Blidi Sahihi

Kila Ramadhani inapokaribia, kazi za imsakiya, yaani kadi za ratiba ya nyakati za mwezi wa mfungo, humiminika katika maduka ya uchapaji hapa Mombasa, na nyingi huletwa na kamati za misikiti zinazotaka kadi ya A5 yenye kijani kilichojaa hadi ukingoni. Nilipopewa kazi ya namna hiyo na kamati moja ya mtaa wa Majengo, nilianzia dukani kwa mchapaji kabla ya kugusa kompyuta, kwa kuwa nilitaka kwanza kuona karatasi inavyokatwa.

Mzee anayeendesha mashine ya kukatia alichomoa kadi mbili kutoka katika rundo la kadi za harusi, moja ya juu na moja ya chini, akazilaza sambamba. Tofauti ilikuwa ndogo, ila jicho liliiona. "Karatasi haitulii chini ya kisu, mwanangu," aliniambia, "kwa hivyo niletee rangi ya kupoteza." Rangi hiyo ya kupoteza, inayovuka mstari wa kukatia, ndiyo blidi, na kipimo chake cha kawaida ni milimita 3 kila upande, kwa hiyo A5, ambayo ni milimita 148 kwa 210, hupelekwa kwa mchapaji ikiwa 154 kwa 216. Ndiyo sababu wachapaji huchapa kwenye SRA3, karatasi kubwa kidogo kuliko A3, yenye milimita 320 kwa 450: A5 nne hujaza A3 nzima pasibaki nafasi yoyote, na zikishaongezwa blidi haziingii tena, ilhali SRA3 huzichukua zote nne na kubakiza mahali pa alama za kukatia.

Nilifanya kazi hii kwa Scribus, ambayo ni programu ya bure. Ukurasa niliuandika 148 kwa 210, yaani kipimo cha kadi iliyokwisha kukatwa, kisha nikajaza 3 katika visanduku vinne vya blidi. Wapo wanaoandika 154 kwa 216 moja kwa moja na kuona wamemaliza, lakini faili la namna hiyo halimwambii mchapaji mstari wa kukatia uko wapi. Baada ya hapo nilivuta kila kilichogusa ukingo hadi kwenye mstari wa nje. Kijani kilivutika bila taabu. Picha ya mnara ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu iliishia pale pale ukurasa ulipoishia, na programu haiwezi kubuni sehemu ya picha ambayo haipo. Niliikuza kidogo yenyewe peke yake, nikakubali kupoteza kipande cha mbingu. Kukuza ukurasa mzima, kama wengine wanavyoshauri, kungesogeza na jedwali la nyakati karibu na kisu.

Suala lililohitaji mazungumzo marefu zaidi lilikuwa fremu ya nakshi. Kamati ilitaka mstari mwembamba wa dhahabu uzunguke kadi, milimita 2 tu kutoka ukingoni. Blidi haisaidii kitu hapo: kisu kikiteleza milimita 1, upande mmoja utabaki na 1 na wa pili na 3, na kadi itaonekana imepinda hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji. Nilichapa sampuli nyumbani, nikaikata vibaya makusudi, nikawapelekea baada ya sala ya alasiri. Walikubali fremu iingie ndani milimita 7, na maandishi yote yakae ndani yake.

Katika kutoa PDF, kuna kisanduku kinachoiagiza programu itumie blidi ya waraka. Kisipowekwa alama, ile ziada yote hukatwa kimyakimya na faili hutoka likiwa 148 kwa 210. Alama za kukatia sikuziweka, kwa sababu mchapaji wangu hupanga kurasa mwenyewe na huweka zake. Anayeziweka kwa InDesign, programu nyingine ya kupangia kurasa, aangalie umbali wake kutoka mstari wa kukatia, kwani huanza na milimita 2.117, yaani ndani ya blidi yenyewe. Ni afadhali aandike 3.

Kisha nililikagua faili kwa amri ya pdfinfo -box, inayoonyesha masanduku ya ukurasa, yaani mipaka yake, kwa pointi, kipimo cha uchapaji. BleedBox, mpaka wa blidi, ilisomeka takriban 436.5 kwa 612.3, ambayo ni milimita 154 kwa 216, na TrimBox, mpaka wa kukatia, ilianzia 8.50 kutoka kila ukingo, sawa na milimita 3. Ukaguzi wa macho peke yake siuamini, kwa kuwa ukurasa wenye alama za kukatia huonekana mkubwa hata kama rangi imeishia kwenye mstari.

Kijitabu cha dua kilichofuata, cha kubanwa pini katikati, nilikiwekea blidi pande tatu tu, na upande wa mgongo nikauacha sifuri kama tulivyokubaliana na mchapaji, ili rangi ya ukurasa mmoja isivamie ukurasa wa jirani.