Sukuma-vuta: msimu wa kwanza ni wa desmodiamu

Kiduha, gugu linalonyonya mahindi, kikishachomoza na kutoa maua, hasara imeshaingia. Kimekuwa kikinyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi kwa wiki kadhaa. Ukikiacha kikomae, mmea mmoja unamwaga makumi ya maelfu ya mbegu kama vumbi, nazo hudumu ardhini zaidi ya miaka 10.

Sukuma-vuta, mbinu ya kupanda mmea unaosukuma wadudu kati ya mahindi na majani yanayowavuta pembeni, iliyobuniwa na icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) na wenzake nchini Kenya miaka ya 1990, inapambana na kiduha na viwavi wa bua kwa pamoja, bila dawa ya dukani. Desmodiamu huota kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha kisha inazizuia kushika mzizi wa mahindi, zikafa kwa njaa. Vilevile ni jamii ya kunde, hivyo inaongeza naitrojeni. Majani ya matembo (nepia) au brakiaria ya pembeni huvuta nondo wanaozaa viwavi hao wakatage huko, na viwavi wengi hufia humo.

Wengi hukwama kwenye mbegu ya desmodiamu. Ni ndogo sana: kilo 1 inatosha ekari. Changanya na mchanga laini mkavu ili isirundikane, chora mfereji wa sentimita 1 hadi 2 kwa kijiti, mwaga, funika kidogo tu. Ukizika zaidi haitoki, na lawama zinamwangukia muuza mbegu bure. Panda mvua zinapoanza, mahindi yakiwa sentimita 75 kwa 30.

Inaota polepole, na hapo ndipo jembe huimaliza. Waonyeshe wapaliliaji kabla hawajaingia shambani: majani matatu-matatu yenye vinyweleo, aina moja ikiwa na mchirizi mweupe katikati ya jani. Karibu na mstari, palilia kwa mkono.

Pembeni weka mistari 3 ya majani, mita 1 kutoka kwenye mahindi. Kipande kisizidi mita 50 kila upande. Penye ukame chagua brakiaria na desmodiamu ya majani ya kijani (greenleaf).

Msimu wa pili usilime mstari wa desmodiamu. Ikate fupi kabla ya kupanda, na tena mahindi yakiwa machanga, la sivyo itayafunika. Ulichokata ni lishe nzuri ya ng'ombe wa maziwa; mletee zizini, usimwingize shambani. Kwa kuwa mbegu ni ghali, panua eneo kwa vipande vya shina vyenye vifundo, ukivipanda udongo ukiwa umelowa vizuri.