Detroit, nyumba namba 2648

Tulitoka Columbus, Ohio, alfajiri, binamu yangu akiendesha. Ni zaidi ya kilomita 300 hadi Detroit, na njia nzima alinisimulia habari za Ford. Miye fundi mitambo wa studio ya muziki Dar, magari yalinihusu nini? Nilikuwa nawaza 2648 West Grand Boulevard, ilikokuwa studio ya kampuni ya muziki ya Motown, sasa makumbusho.

Nilitarajia jengo kubwa, nikakuta nyumba ya kuishi watu, yenye kibaraza na maandishi ya buluu: Hitsville U.S.A. Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, aliinunua mwaka 1959, ambapo kabla yake palikuwa studio ya mpiga picha. Mtaji aliukopa kwa ukoo wake, dola 800. Kumbe binamu hakuwa mbali na mada: Gordy alishafanya kazi kiwanda cha Lincoln-Mercury, mali ya Ford, na ndiko alikoiga utaratibu wa kuzalisha nyimbo hatua kwa hatua.

Juu, mwongozaji alitusimamisha chini ya tundu la dari. Piga kofi, akasema. Sauti ikapanda kwenye nafasi iliyo chini ya paa, ikarudi imenenepa. Kwetu tumezoea kutundika mablanketi ili kuua mwangwi. Hawa walitoboa dari kuutafuta. Nilipiga makofi matano. Binamu akanivuta shati.

Mashine ya pipi bado imesimama ukutani. Pipi ya Baby Ruth iliwekwa nafasi ileile siku zote, ili mwimbaji Stevie Wonder, aliyekuwa mtoto na haoni, aipate kwa kupapasa.

Chumba cha mitambo ni kidogo kuliko jiko letu la Temeke. Chini ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, sakafu imelika, kwa miguu ya mafundi waliokuwa wakigonga mapigo, tukaambiwa. Hilo niliamini bila kuuliza.

Ukishuka ngazi chache unaingia Studio A, waliyoiita Shimo la Nyoka kwa nyaya zilizoning'inia darini. Ilitumika usiku na mchana hadi kampuni ilipohamia Los Angeles, 1972. Gitaa la besi la James Jamerson, mpigaji wa Motown, halikuwekewa maiki. Lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, ndiyo maana linasikika safi vile. Kuna piano ya Steinway ya 1877, ambayo Paul McCartney wa Beatles aligharamia ukarabati wake.

Mwongozaji akatupanga mstari tuimbe wimbo wa kundi la Temptations. Binamu, mtu wa Ford, akajitokeza wa kwanza, mabega yakicheza. Mimi nilikuwa nyuma, nimechuchumaa, nafuatilia waya mmoja unaishia wapi.