Mbwa aliyekimbia kila nilipoinama

Bogoya aliingia kwetu Walukuba, Jinja, Jumamosi jioni, amejikunja chini ya kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Kutoka Kampala ni kilomita 80 tu, lakini wenye taksi, yaani matatu, walikataa katakata kumbeba. Binti yangu anafanya kazi huko, ndiye aliyemchukua kwenye kituo kinachookoa mbwa wa mitaani. Alikuwa keshachanjwa kichaa cha mbwa, keshapewa dawa ya minyoo, kizazi keshafungwa. Shingoni ana kovu la mviringo lisiloota manyoya; walimkuta na waya umezama kwenye nyama. Rangi yake ni ya ndizi bogoya iliyoiva, jina likatoka hapo.

Mimi nilitaka mlinzi. Mwezi huohuo nilikuwa nimeibiwa sufuria mbili na sigiri uani. Nikaletewa mnyama anayejibanza nyuma ya pipa la maji siku mbili nzima, hagusi chakula, habweki.

Tukamharibia zaidi kwa mapenzi. Watoto wa mtaa mzima walikuja kumwangalia, nami kwa ujinga wangu nikamvuta kwa kamba atoke asalimiwe. Akajikojolea palepale. Nikapiga simu kituoni, yule dada akaniambia: mama, mwache. Mwekee chakula mahali pamoja, saa ileile, usimkodolee macho. Wengi wao, alisema, hukaa kama siku tatu wakiwa na woga mtupu, kama wiki tatu kuzoea mwendo wa nyumba, na kama miezi mitatu ndipo wanajiona wako kwao. Nikapiga marufuku mtu kupita nyuma ya pipa.

Chakula hakikunisumbua. Posho laini, yaani ugali, na mukene, dagaa wa ziwani, kutoka Masese, ule ulioanikwa mchangani ambao watu hawautaki. Nauosha mara tatu mchanga uishe. Mchuzi wenye vitunguu simpi, vitunguu vinadhuru damu ya mbwa.

Kilichonisumbua ni kukimbia. Nauza chapati mbele ya nyumba, kwa hiyo kila alfajiri nainama kuwasha sigiri, na kila nikiinama Bogoya anachomoka mkia katikati ya miguu. Nikadhani anaogopa moto. Siku moja nikaangusha sarafu ya mia tano, nikainama kuiokota, moto hata sijawasha. Akachomoka. Jioni akaja msichana wa jirani, akapiga magoti kunisalimia kama tulivyofunzwa sisi Wasoga. Bogoya akaruka ua.

Hapo ndipo akili ilinijia. Kwa mbwa wa mtaani, mtu anayeinama anaokota jiwe. Nani hapa hajui? Tulipokuwa wadogo, njiani kwenda shule, tukikutana na mbwa tulikuwa tunainama tu, hata jiwe likiwa halipo, naye anatimua mbio. Ndicho nilichokuwa nikimfanyia huyu kila asubuhi bila kujua, na msichana wa watu kwa adabu zake.

Nikajaza mfuko wa aproni mukene mkavu. Nikawa nasimama mbali naye, hatua kumi hivi, nimempa ubavu. Nainama kidogo, mikono magotini, nadondosha samaki mmoja, nanyooka, naenda zangu. Simwiti, simtazami. Siku nne za kwanza alikuwa anaokota nikishaondoka kabisa. Nikapunguza hatua moja moja. Shemeji yangu alikuja akamtishia kwa ndala, tukarudi nyuma wiki nzima. Shemeji nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Lakini kufikia wiki ya sita nikiinama, Bogoya haendi popote. Anakuja.

Sasa shida ikageuka. Alielewa kwamba binadamu yeyote akiinama, samaki wanaanguka. Msichana akipiga magoti analambwa uso. Na Hajati, jirani yangu wa ukuta mmoja, akiinama na birika lake kutawadha, anakuta pua yenye maji imeshafika mdomo wa birika. Kwa Hajati hilo si mchezo: chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. "Mama Chapati," aliniita kwa sauti ya chini, ndiyo mbaya zaidi, "huyu mwanao anatafuta nini kwenye udhu wangu?"

Nikaomba radhi, nikamnunulia birika jipya. Nyakati za swala Bogoya akawa anafungwa kamba kwenye gunia lake la kulalia, huku tukimfundisha kukaa. Hapo nako tulijichanganya: watoto walisema "tuula", mume wangu akasema "sit" kama mzungu, mimi "kaa", mbwa anatutazama kwa zamu. Tukakubaliana "kaa", basi. Namshikia samaki juu kidogo ya pua, kichwa kinapanda, makalio yanashuka, neno, samaki. Akimrukia mtu, huyo mtu anageuza mgongo na mbwa hapati kitu. Anayeinama hadondoshi chochote mpaka makalio yaguse chini. Watoto walijifunza polepole kuliko mbwa.

Kubweka alianza mwezi wa tatu, usiku, mtu alipogusa ua. Sufuria zangu zipo.

Juzi alasiri nilisahau kamba. Nilisikia birika likiwekwa chini, nikatoka mbio, mikono ina unga. Hajati alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja ameuinua. "Kaa!" Bogoya akakaa, hatua tatu kutoka kwake, mate yanadondoka. Hajati hakugeuza hata shingo.

"Mpe samaki wake upesi," akaniambia, "mimi simgusi."